Toleo la Shangazi na Toleo la Baba Mkubwa

Kazini kwao wanamwita Mama Matoleo, na amelizoea jina hilo kiasi kwamba ukimwita kwa jina lililo kwenye cheti chake hageuki. Kazi yake ni kupanga kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji. Watu huleta maneno yao yakiwa vurugu tupu, yeye anayaingiza kwenye kompyuta, anayapa vichwa, namba na nafasi ya kupumua, kisha mashine za ghorofa ya chini zinachapa. Hayo hata wapangaji wengine wanayaweza. Kilichompatia jina ni ufundi wake wa kutoa vitabu vingi ndani ya faili moja.

Chukua kitabu cha hesabu cha shule. Mwanafunzi anatakiwa aone maswali tu, mwalimu anatakiwa aone maswali pamoja na majibu, na mwenye macho mabovu anatakiwa aone maswali yale yale kwa herufi kubwa. Mpangaji mvivu angetengeneza mafaili matatu, na siku swali moja likionekana lina kosa angelirekebisha katika mawili na kulisahau katika la tatu. Mama Matoleo hafanyi hivyo. Anaandika kila kitu mahali pamoja, halafu juu kabisa ya faili anaweka vitu anavyoviita swichi. Majibu: ndiyo au hapana. Herufi kubwa: ndiyo au hapana. Akiandika ndiyo, majibu yanatokea. Akiandika hapana, yanajificha kana kwamba hayajawahi kuwako. "Neno moja tu nabadilisha, kitabu kizima kinageuka," hupenda kuwaambia wageni wanaopita ofisini, huku kidevu kikiwa juu, maana swichi ya unyenyekevu kwake aghalabu huandikwa hapana.

Sasa balaa ni kwamba kazi hiyo imemwingia mwilini. Jirani akimwonyesha pazia jipya, atasema limependeza na litadumu. Akifika nyumbani akaulizwa na mumewe kuhusu pazia hilo hilo, atasema linaumiza macho. Kwa mama yake, mtoto wake anasoma vizuri sana. Kwa mwalimu, mtoto huyo huyo anahitaji kubanwa kidogo. Ukimbana na kumwambia kwamba huo ni uongo, ataumia kweli. "Mimi sisemi uongo," atakwambia. "Mimi nachagua sehemu za kuonyesha." Mumewe, fundi wa majokofu na mtu wa maneno machache, alishakata tamaa ya kumbadilisha. Anachosema ni kwamba siku watu wote aliozungumza nao wakikutana katika chumba kimoja, itabidi wahame mji.

Siku hiyo ilikuja baba yake alipostaafu.

Baba yake alikuwa dereva wa treni. Aliendesha treni tangu ana nywele nyingi kichwani hadi zote zilipopukutika, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akilalamika, hata injini zilipokuwa kuukuu na viti vya chuma vinamkata mgongo. Watoto walipomwuliza wamfanyie nini siku ya kuagwa, walitegemea ataomba saa au kiti cha kuegemea. Akasema, "Nataka kitu kimoja. Dada na kaka wakae meza moja, wanywe chai, niwaone. Basi."

Afadhali angeomba treni yenyewe.

Dada huyo ni Shangazi, na kaka huyo ni Baba Mkubwa, na wawili hao walikuwa hawazungumzi tangu harusi ya Mama Matoleo mwenyewe. Siku ile msemaji mmoja, kwa nia njema kabisa, alimsifu baba wa bibi harusi akasema angependa kujua ni nani aliyemwonyesha treni kwa mara ya kwanza hata akaipenda namna ile. Shangazi akasimama. "Ni mimi. Nilimshika mkono nikampeleka stesheni akiwa mdogo hivi." Kutoka meza ya pili Baba Mkubwa akauliza nani huyo anayesema hivyo, maana yeye ndiye aliyembeba mabegani hadi stesheni, na mabega yenyewe haya hapa. Shangazi akasema kaka anapiga chuku. Baba Mkubwa akasema yeye hajazoea kuitwa mwongo na wadogo zake. Keki ilikatwa watu wakiwa wamenuna. Ukitazama picha za harusi ile utawaona wote wawili, mmoja anatazama ukuta wa kushoto, mwingine ukuta wa kulia, na bibi harusi katikati anacheka kwa meno tu.

Tangu hapo wakawa "yule mama" na "yule bwana". Baba akawa mtu wa kwenda huku na kule. Jumamosi anakunywa chai kwa dada yake, Jumapili kwa kaka yake, na kote anaulizwa habari za mwenzake kwa kuzunguka zunguka, kama mtu anayeulizia mvua. Alikuwa mdogo wao wa mwisho. Wote wawili walikuwa wanampenda kupita kiasi, na hapo ndipo penye shida yote, kwa sababu kila mmoja alitaka kuwa ndiye aliyemtengeneza.

Mama Matoleo akaona kazi hii ni yake. Alimpenda baba yake, na zaidi ya hapo alikuwa na deni moyoni kwa sababu ugomvi ulizaliwa harusini kwake. Familia ilikuwa imeshakubaliana kwamba pawe na kijitabu chenye maisha ya Baba na picha zake, kigawiwe siku hiyo nyumbani kwa Baba. Habari za kijitabu zilipofika kwa Shangazi, simu ikalia.

"Mwanangu, nasikia mnaandika kitabu."

"Kijitabu tu, Shangazi."

"Mimi sina neno. Ila yakiandikwa yale ya mabegani, mnihesabu sipo."

Hata simu haijapoa, Baba Mkubwa naye akapiga. "Binti yangu, andikeni mnavyotaka. Mimi mtu wa amani. Lakini nikikuta humo kwamba yule mama alimshika mtu mkono, nachukua kofia yangu naondoka."

Mpangaji mwingine angekwenda kulala na kichwa kinauma. Mama Matoleo alijikuna kidevu, akatabasamu, akafungua kompyuta.

Aliandika kijitabu kizima mahali pamoja. Kuzaliwa, shule, mafunzo ya reli, ndoa, watoto, safari ndefu, zawadi ya uendeshaji salama. Juu ya faili akaweka swichi zake. Swichi ya Shangazi ikiwa ndiyo, ukurasa wa tano ulisema kwamba dada yake mpendwa alimshika mkono asubuhi moja yenye baridi akampeleka stesheni, na huko ndiko moyo wake ulikobaki. Swichi ya Baba Mkubwa ikiwa ndiyo, ukurasa huo huo ulisema kwamba kaka yake shupavu alimbeba mabegani juu ya umati wa watu ili aone kichwa cha treni kikiingia. Zikiwa hapana zote mbili, ukurasa ulisema tu kwamba aliiona treni mara ya kwanza akiwa na nduguze, na hilo lilikuwa toleo la wageni. Na kwa vile mkono ulikuwa umeshaingia kazini, akamtengenezea na mama yake toleo, ambamo Baba aliomba uchumba na kukubaliwa papo hapo. Mji mzima unajua kwamba alikataliwa kwanza, tena mbele ya watu.

Uzuri wa kazi ulikuwa katika vipimo. Alihakikisha aya ya mkono na aya ya mabega zina urefu ule ule, mstari kwa mstari, ili ukurasa wa sita uanze na neno lile lile katika matoleo yote. Hata watu wakifungua pamoja, hata mtu akisema "tugeuze ukurasa", hakuna atakayebaki nyuma. Alimwonyesha mumewe. Fundi wa majokofu alisoma yote kimya, akafunika kijitabu cha mfano, akasema, "Hii kitu ina gesi. Ikivuja tu, imekula kwetu."

"Haivuji."

"Haya."

Ilivujia mahali ambapo mtu wa kazi nyingine asingeweza hata kuharibu.

Kule kiwandani, matoleo yakiwa mengi, watu wa mashine huyachanganya. Waliwahi kufunga jalada la mwalimu juu ya kurasa za mwanafunzi, na mtu mmoja akakaa mwezi mzima bila kusalimiwa. Kwa hiyo Mama Matoleo alijitungia kinga. Kila faili lake huanza na kiolezo chake mwenyewe, na kiolezo hicho huandika chini ya kila ukurasa, kwa herufi ndogo, jina la toleo. Toleo la mwalimu. Toleo la mwanafunzi. Watu wa mashine wanasoma chini, wanajua waweke wapi. Kazi ikikamilika, kuna swichi ya mwisho ya hayo maandishi, ambayo huiandika hapana kabla ya kuchapa nakala za mteja. Ameyaona maneno hayo miaka mingi sana hata hayaoni tena, kama mtu asivyoiona pua yake.

Mchana ule aliopewa ruhusa ya kutumia printa ya ofisi, aliukagua ukurasa wa tano hadi macho yakamwasha. Akakagua picha. Akakagua majina ya stesheni. Akachapa, akakunja, akabana pini, akapanga matoleo katika bahasha tofauti. Swichi ya mwisho ilikuwa bado imeandikwa ndiyo.

Siku yenyewe sebule ilijaa. Meza mbili zilikuwa zimeunganishwa na kufunikwa kitambaa kimoja, na fundi wa majokofu alikuwa ameingiza karatasi chini ya mguu mmoja ili zilingane. Shangazi alifika mapema na mkoba wake mkubwa, akachagua kiti cha mwisho upande wa dirisha. Baba Mkubwa alifika na kofia, akasalimia kila mtu kwa mkono isipokuwa mmoja, akachagua kiti cha mwisho upande wa mlango. Katikati yao wakakaa majirani, wafanyakazi wa reli wenzake Baba, na sahani za keki. Kwa kuhesabu kwa ukali, ilikuwa meza moja. Baba alikaa katikati kabisa, na suti yake iliyombana, akageuka kumtazama dada akaona anatazama dirisha, akageuka kumtazama kaka akaona anatazama mlango. Akatabasamu hivyo hivyo. Binti yake alipoliona tabasamu hilo moyo ulimuuma, akaona afadhali agawe vijitabu haraka.

Aligawa kwa mkono wake mwenyewe, bila kumruhusu mtu mwingine aguse, kila bahasha kwa mwenyewe, kama muuguzi anayegawa dawa wodini. Karatasi zikawa zinageuka. Shangazi alifika ukurasa wa tano, akatoa leso, akajipangusa. Baba Mkubwa alifika ukurasa wa tano, akakohoa kikohozi cha mtu aliyeshinda kesi. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu harusi ile, waliinua macho wakatazamana kutoka ncha hadi ncha ya meza, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Mama Matoleo akashusha pumzi. Akajikatia kipande cha keki.

"Mwanangu," Shangazi akaita, miwani ikiwa nchani mwa pua. "Hapa chini pameandikwa kitu. Toleo la Shangazi."

Mama Matoleo alirudisha kipande cha keki sahanini.

"Tena kila ukurasa!" Shangazi aligeuza, akahakikisha, uso ukamng'aa. Akakiinua kijitabu juu watu wote waone. "Jamani, mimi nimetengenezewa la kwangu mwenyewe! Ndiyo maana ya kuwa na mtoto anayejua heshima."

Baba Mkubwa hakuwa mtu wa kupitwa. Hakumtazama. Aliiambia keki. "Mwambieni yule mama na mimi ninalo. Toleo la Baba Mkubwa. Limeandikwa vizuri tu."

"Hee, na mimi!" akasema Mama, mkewe Baba, kutoka mlangoni mwa jikoni, mkono mmoja umeshika birika. "Toleo la Mama."

Mzee mmoja wa reli alitazama chini ya ukurasa wake, akaonekana ameumia kidogo. "Langu linasema Toleo la Wageni. Nimefanya kazi na huyu bwana maisha yangu yote, leo nimekuwa mgeni?"

Mama Matoleo alikuwa amesimama pale kijasho chembamba kikimtoka, akitafuta la kusema kwa Shangazi, la kusema kwa Baba Mkubwa na la kusema kwa mzee wa reli, na kila alipopata neno la kumfaa mmoja aliona wengine wamemkodolea macho wakisubiri neno hilo hilo. Mumewe alikuwa amejiinamia anarekebisha karatasi ya chini ya mguu wa meza, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Shangazi alikuwa amekunja paji la uso. Hakuwa mjinga, hata kama furaha ilikuwa imemziba kwa muda. "Ya nini matoleo?" akauliza polepole. "Maisha ya mtu si yale yale? Mwambieni yule bwana asome ukurasa wa tano. Kwa sauti."

Baba Mkubwa hakusubiri kubembelezwa. Alisimama, akavua kofia, akasoma habari za kaka shupavu na mabega na umati, sauti imemjaa kifuani. Alipomaliza, Shangazi naye akasimama akasoma habari za dada mpendwa na mkono na asubuhi yenye baridi. Alipomaliza, alikifunga kijitabu akamgeukia mwenzake.

"Kaka," Shangazi akasema. "Umeona huyu mtoto?"

"Nimeona, dada."

"Ametupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Wote wawili! Tena kwa herufi nzuri."

"Mimi na utu uzima wangu nalia machozi hapa—"

"—na mimi nimesimama nasoma kama mtoto wa shule!"

Wao wenyewe hawakugundua. Walikuwa wameshika hasira moja kwa pamoja, huyu akianza huyu anamalizia, na katika kuisogeza mbele hasira hiyo hawakuona kwamba wanaitana kaka na dada. Mama Matoleo aligundua. Baba naye aligundua, kwa sababu aliweka kikombe chini polepole sana, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Sasa tuambie," Shangazi akamgeukia. "Hapa hapa, mbele yetu sote. Wewe mwenyewe unasemaje? Ni mimi au ni huyu?"

Alitafuta swichi. Kweli kabisa, kichwani mwake alizitafuta, moja baada ya nyingine, na hakukuwa na hata moja ya kugeuza. Wasomaji wake wote walikuwa wamekaa chumba kimoja na walikuwa wanataka jibu moja. Hakuwahi katika maisha yake kutoa toleo moja kwa watu wote, na sauti ilipotoka haikuwa ile ya ofisini.

"Sijui, Shangazi. Nilikuwa sijazaliwa. Ninachojua ni nilichokiona. Baba anakuja kwako Jumamosi, anakwenda kwa Baba Mkubwa Jumapili, na kote mnamuuliza mwenzenu anaendeleaje. Anawajibu. Halafu anarudi nyumbani, anakaa hapo kwenye kochi na viatu miguuni, hasemi na mtu hadi jioni. Mmemfanya tarishi wa nduguze. Alipoulizwa anataka nini leo, hakuomba kitu cha dukani. Aliwaomba ninyi, na mmekuja mmekaa mlangoni na dirishani." Alikuwa analia sasa, na hakujali. "Hilo sikuliandika popote kwa sababu nilijua hakuna hata mmoja wenu angependa kulisoma. Nilitaka mkae tu. Nisameheni."

Shangazi alikaa. Baba Mkubwa naye akakaa, kofia mapajani.

"Msimgombeze," Baba akasema. "Hilo jambo kalirithi kwangu."

Wakamgeukia wote wawili.

"Dada, nani alikuambia kwamba wewe ndiye wa kwanza kunipeleka?"

"Wewe mwenyewe. Siku ulipopokelewa reli. Ulinishika mkono ukaniambia, dada, ni wewe."

"Kaka, na wewe?"

Baba Mkubwa aliigeuza kofia mapajani. "Wewe. Siku hiyo hiyo. Jioni."

"Basi." Baba alijikuna kipara. Kwa mtu aliyeendesha mabehewa mengi namna ile, alionekana mdogo sana kwenye kiti. "Niliwaona mmefurahi. Nikaona nikimpa huyu, yule atakosa, na mimi ninawapenda wote. Nikawapa wote. Huyu mtoto ana kompyuta. Mimi nilifanya kwa mdomo."

"Kwa hiyo nani alikupeleka?" Shangazi akauliza kwa sauti iliyoanza kupanda.

"Hakuna. Nilikwenda mwenyewe. Nilikuwa natoroka nyumbani kuangalia treni, mnatumwa kunitafuta. Siku moja ulinifuata wewe, siku nyingine kaka. Kila mmoja alikuja na fimbo. Halafu treni ikaingia, fimbo ikasahaulika, tukaiangalia wote. Wewe ulinirudisha kwa mkono. Kaka alinirudisha mabegani."

Yote yalikuwa kweli basi, mkono na mabega, ila kwenye safari ya kurudi. Shangazi alitafakari, Baba Mkubwa akatafakari, na ndugu ni ndugu, wote wakafika mahali pamoja kwa wakati mmoja.

"Lakini nani alitangulia?" wakauliza.

Baba akamtazama dada yake. Akamtazama kaka yake. Binti yake alikuwa amesimama karibu, akaliona jicho lile likienda huku na kurudi, likipima huyu angependa nini na yule angevumilia nini, na alilijua jicho hilo kutoka ndani. Akaweka mkono begani kwa baba yake.

"Baba," akasema. "Moja tu. La wote."

Baba aliushika mkono ule uliokuwa begani.

"Sikumbuki," akasema. "Nisameheni. Nilikuwa naangalia treni."

Baba Mkubwa ndiye aliyeanza. Ilikuwa kama kikohozi, kisha mabega yakatikisika, kisha kicheko kikamshinda nguvu akashika meza. Shangazi alijikaza kadiri alivyoweza. Alisema si jambo la kucheka, akasema mtu mzima hovyo, akasema miaka yote hii, kisha naye kikampasuka, na wale wa reli wakafuata bila kujua kama wanaruhusiwa. Mama aliacha birika akaja kusimama nyuma ya mumewe.

Vicheko vilipotulia, Shangazi alichukua mkoba wake, akamwomba jirani ampishe, akavuta kiti hadi karibu na kaka yake, akakaa kwa kishindo. Alivaa miwani vizuri. Alikuwa hajamwona kwa karibu tangu harusi, na alimkagua usoni, shingoni, kwenye mikono iliyoshika kofia.

"Kaka, mbona umekonda hivi?"

"Hata wewe, dada. Umezeeka."

"Mimi? Nimezeeka lini?"

Baba Mkubwa aliweka kofia mezani.

"Sijui," akasema. "Sikuwepo."

Shangazi aliivua miwani. Baba, pale katikati ya meza, aliacha kabisa kuficha machozi, akalia mbele ya wageni wake wote, na binti yake akamsogezea chai.